Jirani wa Kitanda cha Kando

Ukifika Manono utaona vilima vya mawe na muchanga vilivyoachwa na Géomines, kampuni ya Wabelgiji iliyochimba kasiterite hapa miaka mingi. Leo wanaokuja ni wachimbaji wa mikono: mumoja wa hapa, mwingine ametoka Kalemie, mwingine Lubumbashi. Kila mutu na shimo lake.

Lakini iko nyumba moja inayowalaza pamoja bila kuwauliza kabila: ile ya wagonjwa wa kolera, iwe chumba cha lopitali ao hema.

Mwaka 2020 Corona ilipoingia Kongo, watu wengi walishangaa kusikia mugonjwa anatengwa na jamaa yake. Sisi wa Tanganyika tulilijua jambo hilo zamani. Waganga wanahesabu kolera hii kuwa wimbi la saba la dunia nzima. Lilianza Indonesia mwaka 1961, likafika Afrika mwaka 1970, na halijaisha. Kule Kalemie, kando ya ziwa, kolera inarudi mara kwa mara, halafu inafuata watu kwenye safari zao.

Mulangoni unanawa kwa maji ya klori, na viatu vinanyunyiziwa. Kitanda kina tundu katikati, ndoo iko chini. Haya inaishia pale. Jamaa hawaingii wote, ni mulinzi mumoja tu kwa mugonjwa mumoja. Sasa yule kijana wa shimo, aliyeacha mama yake mbali, nani atamushikia kikombe? Njo pale mulinzi wa kitanda cha kando anageuka kuwa ndugu yake.

Wengi wanamuficha mugonjwa nyumbani juu wanaogopa atakufa katikati ya watu wasiomujua. Woga huo unaua. Kolera inaweza kumaliza mutu muzima kwa saa chache. Lakini wakitunzwa mapema kwa maji ya kunywa yenye chumvi na sukari, ao kwa serumu, wanaokufa hawafiki 1 katika 100.

Shika hesabu hii: maji safi litre 1, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu kijiko kidogo, vyote vya kusawazisha. Anywe kidogo kidogo njiani, lakini safari ya lopitali isisimame.

Nawe mulinzi, usiogope pumzi ya jirani. Kolera inapita kwa kuhara na matapishi, inaingia kwa maji, chakula na mikono. Mushikie kikombe, kisha nawa. Sahani musichangie.

Kumbuka wale wakoma wane wa 2 Wafalme 7. Walikaa nje ya mulango wa Samaria, lakini wao njo walioleta habari ya chakula kwa muji wenye njaa. Vilevile anayetoka kwenye hema akiwa muzima, anaweza kufundisha kambi nzima kuchemsha maji.

Basi, mupangaji mwenzako akianza kuhara maji maji usiku, usingoje jamaa yake atoke kijijini. Wewe njo jamaa yake. Mubebe.