Mama Aliyejifungua Naye Anahitaji Kusikilizwa



Hapa Buyenzi mama akijifungua tunamkanda, tunampikia uji, tunamlea hadi arobaini. Mwili unatunzwa. Moyo je? Akilia kila siku, akikosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, wengine husema ana jini, wengine husema imani yake ni dhaifu. Kumbe ni sonona, na ina tiba.

Sisi tumemuuguza wifi yetu mwenye hali hiyo. Kituo cha afya walimpima presha, wakampa vidonge vya kuongeza damu, wakaturudisha nyumbani. Hakuna aliyemuuliza anawaza nini. Hatuwalaumu wauguzi wale, hawakufundishwa.

Kufundisha kunawezekana. Katika vijiji vya Rawalpindi, Pakistan, Profesa Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa kike, wasio madaktari, tiba ya mazungumzo inayorekebisha fikra na matendo. Mafunzo yalikuwa siku 2, na siku 1 ya marudio baada ya miezi 4. Kila mwezi walikutana nusu siku na msimamizi, wakaeleza magumu waliyoyakuta.

Mhudumu alimtembelea mama mara 16, kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito. Alimsaidia kuitambua fikra inayomuumiza, kama vile "mimi ni mama mbaya, hata nikijitahidi ni bure". Kisha kuibadilisha kwa fikra yenye manufaa. Kisha kuifanyia mazoezi nyumbani, watu wa nyumbani wakimsaidia.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Walikuwa akina mama 903 wenye sonona. Watoto walipofika miezi 6, kwa waliopata tiba hiyo, 23 kati ya 100 walikuwa bado wana sonona. Kwa waliotembelewa mara hizo hizo na wahudumu wasiofundishwa, walikuwa 53. Basi kutembelewa peke yake hakutoshi; mafunzo ndiyo yaliyoleta tofauti. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba hiyo.

Ndugu zetu, tuombe dua, na dua haizuii tiba. Tukienda kliniki ya wajawazito tuulize: nani hapa amefundishwa kuzungumza na mama mwenye sonona? Tukiuliza wengi, wakubwa wa vituo watajua kwamba linahitajika. Na mama akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wabillahi tawfiq.