Safari ya Canterbury



Wengi wetu twalisikia jina la Canterbury kanisani, kwa maana dayosisi zetu zilikuwa chini ya Askofu Mkuu wa huko hata mwaka 1960, lilipoundwa Jimbo la Afrika ya Mashariki. Lakini waliouona mji wenyewe ni wachache. Sisi tulijaliwa kuuona tulipokuwa Uingereza siku chache, na twataka kuwaeleza njia yake, ili atakayejaliwa baada yetu asihangaike kama sisi.

Canterbury u upande wa kusini-mashariki ya London, katika nchi ya Kent, mwendo wa maili 60 hivi. Mtu huenda kwa gari la moshi, ingawa siku hizi halina moshi tena, lakwenda kwa umeme. Basi, angalieni: mji ni mdogo, lakini una stesheni mbili, Canterbury East, ndiyo ya Mashariki, na Canterbury West, ndiyo ya Magharibi. Magari ya upesi yatokayo St Pancras hufika Magharibi kwa muda wa saa moja hivi. Yatokayo Victoria hufika Mashariki, nayo hukawia zaidi. Sisi hatukuuliza. Mwalimu mwenzetu akaaye Kent alitungoja Magharibi, nasi tukashuka Mashariki, kila mtu akamlaumu mwenziwe moyoni, hata tukakutana saa sita penye lango la Westgate. Ama kweli, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Ukiisha kufika, huna haja ya gari. Mji wa kale ulizungushiwa ukuta wa mawe tangu zamani za Warumi, na sehemu kubwa ya ukuta ingali imesimama. Ndani yake mtu hutembea kwa miguu tu. Kutoka Westgate, lango la karne ya 14, tulifuata njia kuu, tukavuka mto Stour, ambapo pana nyumba ya kale iliyojengwa kuwalaza mahujaji maskini, tukafika kanisa kuu. Mnara wake wa katikati wapanda futi 235. Humo Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa na watu wanne wa mfalme, tarehe 29 Desemba 1170. Na mwaka 1174 Mfalme Henry wa Pili mwenyewe alikuja miguu mitupu kutubu. Tulipiga magoti hapo.

Kisha mwenzetu akasema, "Twende mbele kidogo." Tukatoka nje ya ukuta upande wa mashariki, tukapita magofu ya nyumba ya watawa ya Mtakatifu Augustino, tukapanda kilima kidogo hata kanisa la Mtakatifu Martino. Ni kanisa dogo, mfano wa makanisa yetu ya vijijini, na katika kuta zake yamo matofali ya Warumi. Humo ndimo alimosali Malkia Bertha.

Bertha alikuwa binti wa mfalme wa Wafranki, naye ni Mkristo. Akaolewa na Ethelbert, mfalme wa Kent, aliyeabudu miungu ya baba zake. Alikuja na askofu wake, Liudhard, akasali hapo miaka mingi, na mumewe hakugeuka. Hata mwaka 597 wakaja Augustino na wenziwe, waliotumwa na Papa Gregorio kutoka Rumi. Hao nao waliingiwa na hofu njiani, wakataka kurudi, kwa kuwa lugha ya watu wale hawakuijua. Papa akawaandikia waendelee. Mfalme aliwapokea nje, uwanjani, akiogopa wasije wakamroga ndani ya nyumba. Akawajibu kwa adabu kwamba maneno yao ni mapya, naye hawezi kuyaacha mara moja mambo ya wazee wake. Lakini akawapa mahali pa kukaa na ruhusa ya kuhubiri. Baadaye alibatizwa.

Tulipoketi katika kanisa lile, tulimkumbuka ndugu yetu mkubwa, mtoto wa mama yetu. Yeye hajabatizwa. Miaka mingi tulikwenda kwake na kitabu, hata siku ya matanga ya baba tulimwambia maneno makali juu ya tambiko, mbele ya watoto wake. Akatuambia tusikanyage tena mlangoni pake. Nasi tulijisifu kuwa tumekung'uta mavumbi ya miguu yetu, kama Bwana alivyowaagiza mitume. Sasa, mahali pale aliposali Bertha, tuliona haya. Yale hayakuwa mavumbi, ilikuwa hasira yetu.

Tuliporudi tulikwenda kwake bila kitabu, tukamwomba radhi kwa maneno yale. Alinyamaza sana. Kisha akamwita mkewe alete chakula, akauliza habari za Ulaya. Tulipomweleza habari za stesheni mbili, alicheka hata akashika mbavu. Habari za Malkia hatukumwambia siku ile. Zitakuwa na siku yake.

Ndugu, nanyi waalimu wenzetu, kama yuko mtu mliyemwacha kwa hasira, mwendeeni. Na huyu ndugu yetu mwombeeni, pamoja nasi.

Wasalaam.