POSTA MPAKA FORODHANI: SABA YA KIZUNGU HAIMSUBIRI MTU

Wiki hii tunavuka maji. Tunaanzia Mnara wa Saa katikati ya jiji la Dar, tunateremka Posta kwenye boti, halafu moja kwa moja hadi Forodhani, Unguja. Safari yenyewe ni kama saa mbili tu majini, lakini kuna kitu kimewaliza wengi kwenye njia hii, na wala siyo mawimbi. Ni masaa ya Kizungu.

Mnara wa Saa ulijengwa mwaka 1961, Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya jiji. Simama pale asubuhi, jifanye unasubiri mtu, tega sikio. Utamsikia kijana wa daladala akisema leo yeye ni deiwaka, yaani gari si lake, kapewa ajishikizie kwa siku. Mlinzi anayerudi nyumbani macho mekundu anasema alikuwa naiti. Karani analalamika ova taimu yake haijalipwa, na advansi alishaila yote. Binti wa chuo hatoki wikiendi, ana dedilaini Jumatatu. Na yule mwenye hasira anaapa kuna mtu anamtaimu, siku akimnasa patachimbika!

Umegundua kitu hapo? Maneno yote hayo yana pesa ndani yake, au kibano. Alfajiri, adhuhuri, magharibi, usiku wa manane, hayo hakuna aliyeyagusa. Hayo ni ya kuishi. Ya Kizungu tumeyachukua kwa ajili ya kudaiana.

Chukua neno "shapu". Mshikaji akikwambia "tukutane saa mbili kamili", unajua kabisa una nafasi ya kuoga, kunywa chai na kubishana na jirani kidogo. Lakini bosi akisema "saa mbili shapu", utaruka hata chai. Kamili ni ile ile, shapu ni ile ile, ila moja ina mlango wazi na nyingine ina kufuli. Hata kwenye soka, watangazaji wametupa "dakika za majeruhi", tafsiri ya Kizungu kabisa, na sasa mtaani kila kitu kina dakika za majeruhi: kodi ya nyumba, ada, hadi posa.

Haya, tushuke Posta. Ukifika getini kwa boti, kuwa makini na tiketi yako, maana hapo ndipo kasheshe lilipo. Saa yetu ya Kiswahili inaanza kuhesabu jua likichomoza. Huku kwetu karibu na Ikweta jua halina maringo, mwaka mzima linatoka karibu wakati ule ule, kwa hiyo saa moja ni saa moja baada ya kupambazuka. Mzungu yeye anaanza kuhesabu usiku wa manane. Tofauti ni masaa sita. Moja yake ni saba yetu, na saba yake ni moja yetu. Mdomoni tunasema kwa Kiswahili, lakini tiketi inaandikwa kwa Kizungu.

Siku moja nikiwa kwenye foleni pale, alikuja mama mmoja wa makamo, kajifunga kanga mbili na kikapu mkononi. Ilikuwa inakaribia saa sita mchana. Alitulia kabisa, mtu aliyewahi. Akamwonyesha kijana wa getini tiketi aliyokatiwa na mpwa wake. Kijana akaiangalia, akamwangalia mama.

"Mama, boti hii imeondoka tangu asubuhi."

"Imeondokaje, mwanangu? Si imeandikwa saba hapa? Saa saba bado."

"Shikamoo mama, lakini hiyo saba ni ya Kizungu. Ni saa moja asubuhi."

Mama hakugomba. Alikaa kwenye kikapu chake, akasema taratibu kwamba anakwenda kumzika kaka yake, na maziko ni baada ya sala ya alasiri. Foleni nzima ikanyamaza. Watu wakachanga, akakatiwa boti iliyofuata, lakini kila mtu alikuwa anajua hesabu: boti inafika wakati udongo umeshafukiwa. Wenye msiba walihesabu kwa sala, tiketi ikahesabu kwa Kizungu, na katikati akaumia yeye.

Ukishuka Unguja, tembea hadi Forodhani ukaone Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Hapo ndipo utakapojua kufuli la saa halikuanzia kwenye tiketi. Mwaka 1896 Waingereza walimpa Sayyid Khalid bin Barghash muda wa mwisho wa kutoka kwenye jumba la kifalme: tarehe 27 Agosti, saa tisa ya kwao, yaani saa tatu asubuhi. Hakutoka. Ilipofika saa tatu na dakika mbili mizinga ikalia. Haikuchukua hata saa moja, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Hiyo ndiyo shapu yenyewe, msomaji.

Lakini usidhani Kiswahili chenyewe hakina mitego. Ukialikwa na wazee wa Unguja kwenye shughuli "usiku wa Ijumaa", usiende Ijumaa jioni na zawadi yako ukakuta wanaosha masufuria. Kwa hesabu ya zamani siku inaanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, Alhamisi yako wewe.

Sasa dawa yake. Tazama saa ya mshale. Mshale mfupi ukiwa kwenye moja, angalia namba inayotazamana nayo: saba. Hiyo ndiyo saa yako. Ukiwa kwenye tisa, ng'ambo yake ni tatu. Haikosei hata siku moja.

Na kama wewe ndiye unayemkatia tiketi mama, shangazi au babu kijijini, usimtumie namba peke yake kwenye simu ukadhani umemaliza kazi. Mpigie. Mwambie, "Shangazi, ni saa moja asubuhi, jua likiwa limetoka muda si mrefu." Maneno hayo hayazidi dakika moja, ya Kizungu au ya Kiswahili.