Mjomba, shuka Doonside!

Najua nimepotea, zamu za usiku zimenibana mwezi mzima, nikirudi nyumbani ni kulala tu. Leo nimeamka mapema kwa sababu ya Mjomba. Kama wengi mlivyokwisha sikia, Mjomba na wenzake wawili wa kikundi cha wakulima wa viungo kule Muheza wanakuja Sydney mwezi Agosti kuonana na wanunuzi wa iliki na pilipili manga. Wanafika Jumanne jioni, mkutano ni Alhamisi na Ijumaa, Jumatatu wanarudi. Maswali ya Mjomba kwa simu hayaishi, na binamu zangu nao kila mtu na lake, basi nimeona niandike hapa mara moja tusome wote. Shikamoo Mjomba. Na Zai tafadhali msomee Mama, maana na yeye yanamhusu.

Tuanze na hoteli. Wenzako wanataka kulala mjini karibu na Opera House, kwa kuwa ndiyo Sydney wanayoijua kwenye picha. Siwalaumu. Lakini mkutano wenu uko Rooty Hill, magharibi huku, kama kilomita 40 kutoka hapo. Ni kama mtu ana mkutano Muheza halafu anang'ang'ania kulala Tanga mjini ili aione bahari! Mimi nakaa Doonside, na kwa treni Doonside na Rooty Hill ni vituo vinavyofuatana. Chumba cha pili kipo, na godoro la ziada nimeshanunua. Wenzako wakitaka hoteli, basi wachukue ya Rooty Hill au Blacktown, siyo mjini.

Sasa safari yenyewe. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu, mtapita Dubai au Doha, na kutoka Dubai tu hadi hapa ni kama saa 14 angani. Inuka utembee humo ndani, kunywa maji, miguu isivimbe (huyo ni nesi anayesema, siyo mpwa wako). Kabla ya kutua mtajaza karatasi inayouliza kama mmebeba chakula, mbegu, majani, vitu vya mbao. Hapa naomba msikilize vizuri. Jibuni NDIYO. Sampuli za iliki ni mbegu, pilipili manga ni mbegu, na hata mwiko wa mbao ni mti. Ukisema umebeba, wanakagua, wanakurudishia au wanachukua, basi. Ukificha wakakukuta, faini ni maelfu ya dola na hata viza inaweza kufutwa palepale. Bora zaidi mwulizeni mnunuzi mapema kama sampuli zinahitaji kibali, kisha zifungwe kiwandani zikiwa na lebo, siyo kwenye mfuko wa rambo. Na viza mliyopewa ni ya mgeni wa kibiashara: inaruhusu mikutano na mazungumzo ya mikataba, hairuhusu kuuza reja reja. Kwa hiyo zile pakiti za karafuu ambazo Shemeji alisema "uwauzie manesi wenzako" zibaki Muheza, teh teh teh.

Jumanne hiyo jioni mimi nitakuwa wodini, sitaweza kuja kuwapokea. Ndiyo maana naandika kwa urefu. Teksi kutoka uwanjani hadi huku ni zaidi ya dola mia, msipande. Kituo cha treni kiko chini ya uwanja wenyewe, fuateni alama tu. Hakuna haja ya kukata tiketi, kadi ya benki ya Visa au Mastercard inagusishwa getini unapoingia, na LAZIMA uiguse tena unapotoka, la sivyo watakukata nauli ya juu kabisa. Kila mtu na kadi yake, kadi moja haipitishi watu watatu. Mtaona wamekata hela nyingi kuliko kawaida, msishtuke, kituo cha uwanja wa ndege kina ada yake, zaidi ya dola 15 juu ya nauli. Siku za kawaida nauli ina kikomo cha siku, ukikifikia safari zinazofuata ni bure.

Shukeni Central, dakika kumi na kitu tu. Hapo mnabadili na kuchukua T1, alama yake rangi ya embe bivu. Treni ni za ghorofa. Angalieni skrini: mnataka treni ya Emu Plains au Penrith, na jina Doonside liwemo kwenye orodha ya vituo, kwa sababu nyingine zinaruka. Zipo zilizoandikwa Richmond, rangi ileile, njia ileile, mpaka Blacktown. Hapo zinakata kulia na kwenda zao. Mkijikuta ndani yake, hamna haja ya kuhangaika, shukeni Blacktown msubiri inayofuata, Doonside ni kituo kimoja tu mbele. Kutoka Central hesabuni kama saa moja kasoro. Ufunguo nitamwachia jirani yangu, mama wa Kifilipino wa mlango wa pili, ana picha yako ya kwenye harusi ya Zai kwa hiyo atakujua. Msipomwamkia na kukaa kidogo atakasirika, ni kama mama zetu tu.

Jumatano mpumzike. Huku tuko mbele kwa saa saba mwezi huo, kwa hiyo saa nane usiku macho yatakuwa makavu. Na jambo dogo ambalo limewahi kuwachanganya wageni wengi: saa zao zinaanza usiku wa manane. Barua ya mkutano inasema 9, ni saa tatu yetu ya asubuhi. Ukimwambia mtu "three" ukiwa na saa tatu kichwani, atakusubiri alasiri! Fikeni dakika kumi kabla. Hapa mtu anayechelewa kwenye mkutano wa biashara hatolewi maneno, ila anakumbukwa. Agosti ni mwisho wa kipupwe, asubuhi huku magharibi kuna baridi kuliko mjini, nyuzi tano au sita kawaida. Suti peke yake haitoshi. Leteni masweta, koti nitawaazima.

Jumamosi na Jumapili ni ofu zangu. Nimeziomba tangu Machi.

Jumamosi tutakwenda mjini, wenzako wasije wakasema nimewanyima. Na nina njia yangu: T1 ikitoka Doonside haiishii mjini, inapita Wynyard na kuvuka lile daraja kubwa, Harbour Bridge, lililofunguliwa 1932. Tunashuka ng'ambo, Milsons Point, halafu tunarudi kwa miguu juu ya daraja, bure kabisa, Opera House yote iko chini yenu upande mmoja. Picha nzuri zaidi mtapigia hapo. Ila wikiendi nyingine wanafunga reli kwa matengenezo na kuweka mabasi, nitaangalia Ijumaa usiku.

Lakini siku yangu mimi ni Jumapili. Nataka Mjomba uione Doonside.

Asubuhi tutakwenda Featherdale, kwenye barabara ya Kildare, hapahapa mtaani. Lilikuwa shamba la kuku, mwaka 1972 wakalifungua liwe bustani ya wanyama wa Australia. Kangaruu wanakula mkononi mwako. Koala utasimama naye upigwe picha, ila kumbeba hairuhusiwi, sheria ya jimbo hili, na hata hivyo hatakujua, analala karibu saa ishirini kwa siku. Kuna mbuga nyingine kubwa Bungarribee, ilifunguliwa Desemba 2019, ina simba na twiga. Hiyo tutaipita. Sijakuita kutoka Tanzania uje kulipia simba.

Mchana tutachoma nyama Nurragingy. Ni hifadhi yenye miti na mabwawa, kijito cha Eastern Creek kinapita katikati, na ndani kuna bustani ya Kichina waliyojenga kwa urafiki na mji wa Liaocheng. Majiko ya kuchomea yapo, Jumapili utasikia lugha za dunia nzima na moshi wa kila aina ya kiungo. Hapo ndipo nilipopata marafiki mwaka wangu wa kwanza, nilipokuwa sijui mtu.

Jina lenyewe ni la mtu. Nurragingy alikuwa mwenyeji wa ardhi hii, wa kabila la Darug. Mwaka 1816 Gavana Macquarie alimpa yeye na mwenzake Colebee ekari 30 kwenye barabara ya Richmond, ardhi ya kwanza serikali ya kikoloni kumpa mwenyeji. Yaani mtu anapewa kipande cha nchi yake mwenyewe aseme asante! Jirani na hapo, mwaka 1823, wakahamishia shule waliyokuwa wakiwaweka watoto wa wenyeji mbali na wazazi wao. Jina Blacktown, ambalo najua wenzako watalicheka, limetoka huko. Dada yake Colebee, Maria, alisoma kwenye shule hiyo ilipokuwa Parramatta, na inaaminika ndiye binti aliyekuwa wa kwanza kwenye mtihani wa 1819 akiwashinda watoto wa wazungu. Kaka yake alipofariki aliandika barua serikalini mwaka 1831 akidai shamba lile. Alilipata 1843. Mjomba, wewe uliyezunguka ofisi za ardhi kwa hati ya shamba la Babu, hesabu miaka hiyo. Eneo la ile shule lilirudishwa kwa watu wa Darug mwaka 2018. Tukipata gari tutapita tulione, ni uwanja wa majani tu, lakini mimi huwa nasimama.

La afya. Dawa zako za presha zilete za kutosha, zisizidi za miezi mitatu, kwenye paketi zake na barua ya daktari. Kateni bima ya safari, hospitali hapa kwa mgeni si mchezo. Na mmoja wenu akipata homa, hata wiki kadhaa baada ya kufika, aseme mara moja "nimetoka kwenye malaria". Daktari wa huku anaweza asiifikirie, kwake homa ya Agosti ni mafua. Namba ya dharura ni 000.

Sasa Mama. Shikamoo Mama. Najua ni miaka sita, na najua ukiniuliza kwenye simu nasema "nzuri" tu, nawe huamini. Ndiyo maana nataka Mjomba alale kwangu. Afungue friji mwenyewe, aone kitanda, aone saa ninazotoka na saa ninazorudi, aongee na jirani bila mimi kuwepo. Kisha umuulize yeye. Asije akakuambia kaiona Opera House.

Usimpe maembe wala samaki wa kukausha, watavichukua uwanjani. Nitumie kanga mbili, na ile picha ya Baba ya ukutani, uitoe kwenye fremu ya mbao kwanza.

Mjomba, mkifika Central nitumie ujumbe, hata saa sita ya usiku. Mapumziko yangu huwa muda huo.