Dawa Isiyo na Isnadi

Mbali na mihutasari ya vikao, katibu wa kamati ya msikiti wetu hapa Tanga hukabidhiwa daftari jingine ambalo waumini wengi hawajapata kuliona, nalo ni daftari la mfuko wa wagonjwa. Kila Ijumaa sanduku hupitishwa, mweka hazina huhesabu, nami huandika ni nani aliyesaidiwa, kwa kiasi gani na kwa maradhi gani. Nikizifunua kurasa za watangulizi wangu nakuta malaria, nakuta uzazi wa upasuaji, nakuta mvuvi aliyevunjika mkono. Kurasa za miaka ya karibuni zimejaa maneno mengine: kusafisha damu kwa figo zilizochoka, kiharusi, kidonda cha mguu kisichopona, macho yaliyoharibiwa na kisukari. Msikiti ni ule ule na ukoo ni zile zile. Kilichobadilika ni tunachokula, namna tunavyokesha, na, kwa maoni yangu, zaidi ya yote ni yale tunayokubali kuyasadiki.

Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba takriban mtu 1 kati ya kila 4 alikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Basi imamu anapotutaka tunyooshe safu, mimi hukadiria kuwa katika safu ya watu 20 watano wana presha na wawili wana sukari, na miongoni mwao wamo wasiojua.

Mwaka jana, wiki chache kabla ya Ramadhani, ilipita katika kundi letu la WhatsApp sauti ya mtu asiyejitaja jina. Alianza kwa kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume (s.a.w.), na Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha mtu aliyekaa chuoni akasoma. Alisema kwamba vidonge vya sukari vinavyotolewa hospitalini ndivyo vinavyoua figo za watu, na kwamba mwenye kuiamini hadithi ya habbat sauda na avitupe, ale mbegu hiyo kwa asali siku 40, kisha akapime aone. Sauti ile ilisikilizwa barazani, ilisikilizwa jikoni, ilipelekwa kwa mashangazi Pangani na kwa wajomba Muheza.

Mzee wetu mmoja, ambaye tangu nikiwa mtoto wa juzuu nilimkuta safu ya mbele, alivitupa vidonge vyake. Hakumwambia mtu. Aliingia Ramadhani kwa asali na habbat sauda, akafunga siku zote, na alipopata kijidonda kidoleni alikificha ndani ya soksi kwa sababu hakikumuuma. Hapo ndipo penye hatari ya ugonjwa huu, kwamba sukari ikikaa juu muda mrefu huziua hisia za mguu, na mguu usiouma mwenyewe huuona mzima. Katika kumi la mwisho wanawe walimpeleka hospitali kwa homa. Alikatwa kidole, na baada ya wiki mbili akakatwa mguu chini ya goti. Ukurasa wake katika daftari langu ni mrefu kuliko wa mtu mwingine yeyote. Ameniruhusu niyaandike haya kwa sharti nisimtaje. Aliniambia, “Waandikie, mwanangu, wasije wakanifuata.”

Nilipoisikiliza tena sauti ile kwa utulivu, niliona namna uongo wake ulivyoshonwa juu ya kitambaa cha kweli. Ni kweli kwamba daktari anayempa mgonjwa metformini humpima figo mara kwa mara, na figo zikiwa zimedhoofika hupunguza kipimo cha dawa au huibadilisha. Ni tahadhari, kwa kuwa dawa ile hutolewa mwilini kwa njia ya figo. Msemaji alichukua tahadhari akaifanya shutuma. Kinachoharibu figo za mwenye kisukari ni sukari yenyewe inapoachwa juu miaka na miaka, pamoja na presha isiyotunzwa, yaani ni hicho hicho ambacho vidonge vile vilikuwa vikikizuia.

Na hadithi je? Hadithi ya habbat sauda imo katika Bukhari na Muslim, na haistahiki kuchezewa na yeyote, wala na daktari. Lakini Mtume (s.a.w.) hakusema ndani yake kwamba mgonjwa aache dawa nyingine. Al-Khattabi, kama Ibn Hajar anavyomnukuu katika Fat-hul Bari, aliieleza kuwa ni tamko la jumla lililokusudiwa mahususi, maana hakuna mmea mmoja unaokusanya tabia zote za kukabili maradhi yote. Hawa ni wanazuoni walioipenda Sunna kuliko sisi na waliifahamu hivyo. Tena katika Abu Daud, Nasai na Ibn Majah imepokewa kuwa mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, basi ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Hadithi hii sijawahi kuisikia ikipitishwa katika simu.

Chuoni tulisomeshwa elimu ya mustalah, tukachoshwa nayo, na wakati ule sikuwaza kwamba siku moja ningeihitaji kwa ajili ya figo za watu. Mpokezi asiyejulikana huitwa majhul, na riwaya yake hairuhusiwi kuthibitisha hukumu. Waliotutangulia walipanda ngamia mwezi mzima kwenda kumwuliza mtu hadithi moja aliisikia kwa nani. Sisi ambao humkatiza kijana anayesoma hadithi mimbarini, tukamtaka aseme imepokewa na nani, huipokea habari ya dawa kutoka kwa sauti isiyo na jina, mji wala tarehe, tukaiingiza mwilini.

Kibaya zaidi ni ile alama ya mishale miwili inayoonyesha kuwa ujumbe umesambazwa mara nyingi. Iliwekwa iwe onyo, na mwaka 2020 wenye programu hiyo walizuia ujumbe wa namna hiyo usipelekwe kwa zaidi ya mazungumzo mamoja kwa mara moja. Kwetu imegeuka kuwa cheti. Nimemsikia mtu akisema, “Hii imeenea kila mahali, haiwezi kuwa uongo.” Anadhani hiyo ni tawatur. Mutawatir ni habari iliyopokewa na wengi kutoka kwa wengi tangu mwanzo wake, kila mmoja akiwa ameisikia kwa njia yake, kiasi kwamba haiwezekani wakawa wamekubaliana juu ya uongo. Watu milioni moja wakiipokea habari kwa majhul mmoja, bado ni habari ya majhul mmoja.

Niliwasilisha jambo hili katika kikao, na si kweli kwamba lilipita kwa takbira. Mjumbe mmoja mkubwa kwangu kwa umri na kwa elimu alisema, “Katibu, leo umeanza na habbat sauda, kesho utaanza na zamzam.” Nilimjibu kwa adabu kwamba habbat sauda ipo nyumbani kwangu, ndani ya mkate na ndani ya chai, na kwamba ninayemuuliza hati si Mtume (s.a.w.), ni yule mwenye sauti. Imamu alitusomea aya ya 6 ya Suratul Hujurat, inayotuamrisha tupeleleze habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama kuna mjumbe ambaye hajaenda kumtazama yule mzee. Tuliamua kwamba habari yoyote ya dawa au ya kuacha dawa haitawekwa katika kundi la msikiti mpaka mletaji aandike jina la tabibu aliyeisema na mahali anapopatikana, na mpaka aisome kwanza dada yetu mmoja muuguzi, ambaye huswali upande wa kina mama na amejitolea kwa ajili ya Allah. Kundi limepoa sana. Baadhi ya ndugu wamefungua kundi lao pembeni, na nasikia huko figo zinaendelea kutibiwa kwa bei ya bando.

Dada huyo ndiye aliyetufumbua macho juu ya jambo jingine. Wagonjwa wengi wa sukari huacha kujipima Ramadhani wakiogopa tone la damu litabatilisha swaumu. Baraza la Kimataifa la Fiq-hi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 huko Jeddah mwaka 1997, lilikwisha kubainisha kuwa kutoa damu kwa ajili ya vipimo hakufunguzi, na vivyo hivyo sindano za tiba zisizokuwa za lishe. Madaktari nao huwaelekeza wagonjwa wafungue mara moja sukari ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilita, au ikipanda juu ya 300, hata kama imebaki nusu saa adhana. Mwenye kisukari na akamwone daktari wake kabla ya Ramadhani kuingia, kwani wapo wanaoweza kufunga kwa kubadilishiwa saa za dawa, na wapo ambao ruhusa waliyopewa na Mola wao ndiyo ibada yao.

Lakini ingekuwa si uadilifu kuilaumu simu peke yake ilhali msikiti wenyewe unalisha. Futari yetu ya pamoja ilikuwa sifa ya mtaa: tambi za sukari, kaimati zilizolowa shira, mihogo ya nazi, sambusa, na mwisho soda kwa kila mtu, pamoja na watoto. Shirika la Afya Duniani hushauri sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi kiasi cha gramu 50 kwa mtu mzima kwa siku, yaani vijiko 12 vya chai, na ikipungua nusu yake ni bora zaidi. Soda ya kawaida ya kola, chupa ya mililita 350, huwa na takriban vijiko 9. Kaimati sijazihesabu, wala sithubutu, kwa kuwa waliozipika ni mama zetu.

Ramadhani iliyofuata tulirudi kwenye mwendo ambao Sunna ilikwisha kuuweka: tende chache na maji, swala ya Magharibi, kisha chakula. Ule muda wa swala unatosha tumbo lishtuke kwamba limekwisha pewa kitu, na mikono haikimbilii tena sahani kama ilivyokuwa. Ile hadithi ya Miqdam katika Tirmidhi ya thuluthi ya chakula, thuluthi ya kinywaji na thuluthi ya pumzi tumeisoma miaka yote, na miaka yote tumeitolea mawaidha tukiwa tumeshiba. Tuliongeza mchicha na matembele, tukapunguza chumvi ya mchuzi, maana shirika hilo hilo linataka mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kijiko kimoja cha chai kwa milo yote. Siku ya kwanza palikuwa na manung'uniko. Kufikia kumi la pili aliyenung'unika zaidi alikuwa akiomba kuongezwa matembele.

Nyumbani kwangu kazi ilikuwa ngumu kuliko msikitini, kwa kuwa huko hakuna kikao cha kupiga kura. Katika Bukhari, Abu Barza anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake, na katika mausia yake kwa Abdullah bin Amr alimtajia kuwa mwili una haki, na jicho lina haki. Kwa hiyo tumeweka kikapu cha ukindu karibu na mlango, na baada ya Isha simu hulala humo. Watoto hawali tena wakitazama katuni. Mdogo, mwenye miaka mitatu, ambaye kwa umri wake wataalamu wanashauri asizidi saa moja ya skrini kwa siku, alilia siku nne, ya tano akagundua kuwa wali una harufu. Alfajiri nimekuwa naamka kabla ya adhana bila ya kuamshwa, jambo ambalo nilidhani ni la wazee.

Mama watoto alikubali yote ila moja. Yeye hupokea oda za maandazi na vitumbua, na wateja wake huandika usiku. Alisema kikapu hakilipi ada ya shule. Alisema kweli, na simu yake imebaki nje ya kikapu hadi saa nne usiku, ila sautini tu, bila ya picha. Watoto wameuona mwanya huo na wameshaniuliza kama nao hawawezi kuanzisha biashara.

Maulidi ya msikiti yamekaribia. Muumini mmoja mkarimu, ambaye hajawahi kutuangusha, ametuma habari kwamba atatoa kreti 30 za soda kama kawaida yake, na kamati imegawanyika. Wapo wanaosema zawadi hairudishwi, na wapo wanaotaka aombwe thamani yake itolewe kwa maji na machungwa ya Muheza. Mimi ni wa kundi la pili, lakini ni mtu wa kuogopewa kidogo, na aliyeagizwa kwenda kuzungumza naye ni katibu. Nitakwenda Jumamosi baada ya Alasiri, nikiwa na yule mzee, ambaye amesisitiza kwamba atatembea mwenyewe kwa magongo yake.