Kodi ya jengo iko kwenye LUKU, mtaro uko mtaani

Kuna kitu kinanikera tangu Agosti 2021, leo acha nikitoe. Tangu mwezi ule kodi ya jengo inakatwa mtu akinunua umeme wa LUKU. Mimi nimepanga chumba na sebule. Jengo si langu! Kisheria anayedaiwa ni mwenye nyumba, na mpangaji aliyekatwa wanatakiwa wamalizane kwenye pango. Hebu mwambieni mwenye nyumba wenu maneno hayo, halafu mnisimulie alivyowajibu.

Lakini si hela inayonikera. Juzi juzi kwenye mkutano wa mtaa tuliambiwa kila kaya ichange hela ya kuzibua mtaro kabla ya masika. Mama mmoja akauliza, na ile tunayokatwa kwenye umeme je? Mwenyekiti akasema hiyo haifiki kwake, tukawaulize wa umeme. Watu wakacheka. Mimi sikucheka sana.

Hivi mnajua kodi hii ndiyo iliyotakiwa iwe tamu kuliko zote kwa halmashauri? Nyumba haikimbii wala haifichwi uvunguni. Anayelipa anaona kwa macho yake kama taka zimezolewa. Sasa angalieni ilivyopigwa danadana. Dar es Salaam zilikuwa zinakusanya manispaa, mwaka 2008 wakapewa TRA, mwaka 2014 ikarudi manispaa, mwaka 2016 TRA wakaichukua tena, na safari hii wakachukua na ya miji mingine. Halmashauri gani itahangaika kuhesabu nyumba na kuzithamini kwa mali ambayo kesho inanyang'anywa? Kikaja kiwango cha mkupuo. Ilipoingia kwenye LUKU mwaka 2021 ilikuwa shilingi 12,000 kwa mwaka kwa nyumba isiyo ghorofa, iwe Masaki, iwe Mbagala. Kukusanya ni rahisi, sikatai. Haki ndiyo siioni.

Kodi nyingine ziliondoka kwa shangwe. Kodi ya maendeleo, ile wazee wetu waliyoiita kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003, na hakuna aliyeililia. Mgambo walikuwa wanapita alfajiri, wanaume wanalala migombani! Mwaka 2017 ushuru wa mazao ukashushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula. Mkulima alipumua, na mimi nilifurahi. Ila kuna wilaya ambazo ukiondoa mazao hubakiwi na kitu cha kutoza. Desemba 2018 Rais Magufuli akatoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja shilingi 20,000, na mwenye nacho akawa hasumbuliwi na ushuru wa kila siku.

Kila hatua ukiitazama peke yake ina sababu yake, na nyingine ni nzuri kabisa. Zikijumlishwa, halmashauri inabaki inasubiri hela kutoka juu, na anayesubiri hela kutoka juu hana haja ya kumjua anayelipa huku chini.

Niliwahi kukaa kwenye baraza la madiwani la halmashauri moja, siitaji. Mapato yalikuwa chini ya makisio. Diwani mmoja alisimama akawaka, watendaji wazembe, wakusanyaji wanazunguka na mashine za POS lakini risiti hawatoi, wanasingizia mtandao. Alikuwa na hoja, maana hata mimi sokoni nimeshalipia bila risiti. Mweka hazina akamjibu taratibu kwamba kwenye kata ya mheshimiwa kuna vibanda vingi havilipi, naye ameomba kibali cha kuvifuata. Diwani akakaa. Kisha akanyanyua mkono tena, akaomba zoezi lisogezwe mpaka uchaguzi upite.

Wenzake wakagonga meza.