SAFARI YETU YA TUKUYU: CHAI, BARIDI NA HESABU YA MIRATHI

  

Wanafunzi wetu wapendwa, mmetuuliza mara nyingi kwa nini mwezi wa sita mwaka 2024, baada tu ya Iddi ya kuchinja, tuliifunga madrasa kwa siku tano tukatoweka Tunduma. Wengine mmesema tulikwenda kutembea, maana mliona picha za mashamba ya kijani kwenye simu ya ustadha. Ni kweli kutembea kulikuwamo. Lakini lililotupeleka Tukuyu sisi wawili, mwalimu wenu na mke wake, ni kwamba mdogo wetu aliyeolewa huko Rungwe alikuwa amemaliza eda ya miezi minne na siku kumi, na shamba la chai la marehemu mume wake lilikuwa limeshaanza kuchimbwa mashimo ya miparachichi na mtu mwingine.

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri, kabla foleni ya malori ya Zambia haijaziba barabara. Tukapita Vwawa, Mlowo na kahawa za Mbozi, tukateremka hadi Songwe, kisha Mbalizi na Mbeya. Uyole tukabadilisha Kosta, tukaiacha barabara ya Dar es Salaam na kukata kulia kuelekea mpaka wa Malawi. Kuanzia hapo ni kupanda hadi Isongole, penye viazi na ukungu, na mlima Rungwe wenye karibu mita 3,000 umekaa pembeni umejifunika wingu. Safari nzima inazidi kilomita 150, na masafa ya kupunguza swala katika madhehebu yetu ya Shafii ni kilomita themanini na kitu. Kwa hiyo tulisali adhuhuri na alasiri rakaa mbili mbili na kuzikusanya, na kwa kuwa tulinuia kukaa siku tatu tu, tuliendelea kupunguza mpaka tuliporudi. Darasa la fiqhi mlikumbuke hilo, maana linaulizwa kila mwaka kwenye mtihani na kila mwaka nusu ya darasa wanasahau masharti.

Sisi watu wa Tunduma tunajidai kwamba tunaijua baridi. Baridi yetu ni kavu, ya upepo na vumbi. Ile ya Tukuyu imejaa maji. Nguo zikianikwa asubuhi jioni bado mbichi, na mvua ya huko kwa mwaka hupita milimita 2,000. Alfajiri ya kwanza maji ya udhu yalituuma mpaka kwenye mifupa, ndipo tukaelewa vizuri zaidi kwa nini Mtume (S.A.W.) alilitaja kutimiza udhu wakati wa tabu miongoni mwa mambo ambayo kwayo Allah hufuta madhambi. Mmoja wetu alikuwa na khofu za ngozi, akapaka maji juu yake, kwani msafiri anaruhusiwa siku tatu na usiku wake. Mwingine alikuwa na soksi za sufu, na hizo wanavyuoni wamehitilafiana, basi akaosha miguu na kukimbilia jikoni.

Jikoni kulikuwa na chai. Hapa tusimame kidogo, kwa sababu sote tunainywa kila siku na wachache tunajua inakotoka. Wajerumani, ambao mji wa Tukuyu waliuita Neu Langenburg, ndio waliopanda chai ya majaribio Amani kule Tanga mwaka 1902 na Kyimbila, Rungwe, mwaka 1904. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1926, wakati wa Waingereza. Mchai ukiachwa unakuwa mti mrefu kabisa, lakini hukatwa ubaki usawa wa kiuno ili uchipue daima. Mchumaji huchukua majani mawili na kichipukizi chake, huyatupia kwenye kapu mgongoni, na siku hiyo hiyo yafike kwenye banda la kupimia na kisha kiwandani, kwani yakilala yanaungua. Kiwandani hunyaushwa, husagwa, huachwa yabadilike rangi, kisha hukaushwa. Kilo nne na nusu hadi tano za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya majani makavu. Mdogo wetu huamka saa kumi na moja, na umande wa michai humlowesha hadi kifuani ingawa amejifunga nailoni.

Sasa shamba lenyewe. Marehemu, Allah amrehemu, aliacha mke, mama yake mzazi, watoto wa kiume wawili na wa kike mmoja. Aliacha pia kaka yake mkubwa. Katika mila za zamani za Wanyakyusa mali ya marehemu ilikwenda kwa ndugu yake kabla ya watoto, na hata baadhi ya Waislamu wa huko, ambao ni wachache kati ya Wamoravian na Walutheri, bado wanaona hivyo ndivyo. Huyo kaka ndiye aliyechimba mashimo. Chai haina bei, alisema, parachichi ndiyo pesa. Na kusema kweli hakukosea sana juu ya bei: wakulima wengi wa Rungwe wamehamia kwenye parachichi, na malipo ya majani huchelewa.

Tulikaa sebuleni kwa mama mkwe wa mdogo wetu, pamoja na sheikh wa msikiti wa karibu. Tukazisoma aya za 11 na 12 za Suratun Nisaa. Mke thumuni, kwa kuwa mume ana watoto. Mama sudusi. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume fungu la wa kike wawili. Ndugu hapati kitu, amezuiwa na watoto wa kiume.

Yule kaka alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Ustadhi, nimemuuguza ndugu yangu miezi saba. Magari nimelipa mimi, hospitali nimelipa mimi. Leo mnaniambia sina changu?"

"Kaka, katika urithi huna," tulimjibu. "Lakini hilo ulilolisema ni deni, na deni hutoka kabla mrithi yeyote hajagusa hata jani moja. Je, lipo kwa maandishi?"

Lilikuwepo. Alitoa stakabadhi kwenye mfuko wa plastiki, jumla shilingi 860,000, na wajane wangapi wangependa shemeji wa namna hii. Kulikuwa na deni lingine la mbolea, shilingi 120,000. Kwa upande mwingine, majani yaliyopimwa marehemu akiwa hai yalikuwa hayajalipwa, shilingi 340,000. Hizo ni mali ya marehemu na ziliingia kwenye madeni kwanza. Zikabaki 640,000. Warithi walikubaliana kwamba shamba lisigawanywe kwa vigingi mpaka deni liishe. Kila mwezi mdogo wetu atoe kwanza ujira wa kuchuma, kisha theluthi ya kilichobaki iende kwenye deni.

Hesabu tuliifanya hata hivyo, ili kila mtu aijue haki yake. Asili ya mas'ala ni 24: mke 3, mama 4, watoto 17. Kumi na saba hazigawanyiki kwa vichwa vitano, basi zidisha 24 kwa 5, upate 120. Mke 15, mama 20, kila mvulana 34, binti 17. Asubuhi yake tukaingia shambani na watoto kuhesabu mashina. Mashimo yalikwisha kula mashina 37, yakabaki 2,400. Kila fungu mashina 20: mke 300, bibi 400, wavulana 680 kila mmoja, binti 340. Binti ana miaka tisa. Aliyahesabu ya kwake mara mbili. Bibi alipoambiwa yake alishika mikono yetu akasema, "Ndaga fijo," akalia.

Siku ya mwisho tulitembea, msiseme hatukutembea. Tulikwenda kuliona Daraja la Mungu, mahali ambapo mwamba wa volkano umejipinda juu ya mto Kiwira na maji yanapita chini yake. Mmoja wetu alivuka hadi ng'ambo. Mwingine alitazama maji akaghairi.

Mpaka tunaandika haya, deni la kaka limebaki shilingi 215,000. Mashimo kumi na manne bado yako wazi, yamejaa maji ya mvua. Kijana mkubwa anataka yapandwe miparachichi, bibi anataka chai irudishwe, na kikao kingine kimepangwa baada ya mavuno ya masika.